Sanduku Tupu la Shangazi Eudocia

Sucre, 9 Machi 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na sanduku lako limefika salama. Nimelitaja mapema kwa sababu najua ndilo utakaloliulizia kwanza. Nimeweka soksi ndani, na limekaa chini ya kitanda mahali pasipo unyevu.

Chuo kimenipa chumba chenye meza, kitanda na dirisha linalotazama ukuta. Masomo ya kutunza nyaraka ni mazuri. Nafika kabla ya bawabu kila siku, naye amezoea kunikuta mlangoni. Wenzangu wote ni wenyeji wa Bolivia. Jumapili kila mmoja anakwenda kwao, nami nabaki na dirisha langu. Bawabu ananiambia, "Kijana, toka ukaone nchi. Malori ya kwenda gulio la Tarabuco yanaondoka pale juu, nauli yake ni kama kikombe cha chai." Nimemwambia nina kazi. Ukweli ni kwamba hapa simjui mtu, ufadhili wangu ni mdogo, na pasipoti nimeishonea ndani ya fulana kama ulivyonielekeza. Nikipanda lori peke yangu nitashika kifua njia nzima kama mgonjwa wa mapafu.

Mwambie Bibi ninakula. Mwambie pia Wakili Villota kwamba mihuri ya ofisi niliiacha kwenye droo ya kushoto, si ya kulia. Nimeliwazia jambo hilo tangu mpakani.

Mpwa wako,
Olmedo Erazo


Pasto, 2 Aprili 1997

Olmedo mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea mama kwa sauti kubwa, na kwa kuwa mama hasikii, imesikika kwa jirani Clemencia, imesikika duka la mikate, na nadhani imesikika hata kwenye volkano yetu Galeras, maana jioni ilitoa moshi.

Mihuri imeonekana. Ilikuwa mezani.

Sasa nisikilize. Unajua kwamba kila mwaka mpya kengele zikilia mimi hulizungusha sanduku lile mtaani, kama afanyavyo kila mtu wa Pasto anayetaka mwaka wa safari. Nimelizungusha tangu baba yako hajaota ndevu. Clemencia alizunguka mara moja tu, tena na kikapu cha sokoni, akaenda Cartagena akaiona bahari. Mimi nimefika Ipiales tu, hapa mpakani, nikasali, nikarudi siku ile ile kwa sababu ya kahawa ya mama. Kila mwaka Clemencia ananiuliza pale mlangoni, "Eudocia, mwaka huu unalipeleka wapi?" Namjibu, "Kona ile, halafu kona ile." Tunacheka wote wawili. Yeye anacheka zaidi.

Mimi nataka kuona nchi ya watu wengine kabla sijafa, na hilo si siri. Lakini mama siwezi kumwacha. Nani atamgeuzia mto? Kwa hiyo nilipokupa sanduku sikukupa la kuwekea soksi. Nilitaka angalau lenyewe liende.

Toa soksi zako. Jumapili lichukue hivyo hivyo tupu, lipeleke mahali, uniandikie limeona nini. Na kama unaogopa, baki kitandani. Lipakie lori peke yake.

Shangazi yako,
Eudocia


Sucre, 12 Mei 1997

Shangazi,

Shikamoo. Limeona Tarabuco.

Niliogopa tangu kitandani. Nilichukua mkate na mayai ya kuchemsha ili nisilazimike kununua chakula, nikapanda lori lililojaa magunia, na watu juu ya magunia. Nikakaa ukingoni, sanduku mapajani, mkono mmoja kifuani penye pasipoti. Mama mmoja mwenye kofia nyeusi alinitazama karibu nusu ya njia, kisha akauliza:

"Kijana, unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama."

"Basi mkeo amekufukuza."

"Sina mke."

"Hebu fungua tuone."

Ningefanya nini, Shangazi? Nikafungua. Lori zima likainama kutazama.

"Tupu!" akapiga kelele. "Jamani, huyu anauza hewa! Hewa ya wapi hiyo, kijana?"

"Ya Pasto," nikasema, na sijui ulimi huo niliutoa wapi. "Ni ya shangazi yangu."

"Funga upesi basi, isimwagike!"

Walicheka mpaka dereva akagonga bati kutaka kujua kuna nini. Kisha mama yule akanipa viazi na kuniuliza habari zako. Nikawaeleza: mtaa, kengele, kona, kahawa ya Bibi. Hapo hakucheka mtu. Mama akasema, "Sasa mbona umelificha mapajani? Litaona nini huko?" Likapokewa mkono kwa mkono mpaka mbele, wakalifunga kwa kamba juu ya kichwa cha lori. Likaenda hivyo, kifua mbele, likitazama barabara. Liliona milima yenye rangi ya matofali na mbwa aliyetukimbiza mpaka akachoka.

Gulioni sikununua kitu. Nilitembea tu, nikatazama vitambaa wanavyofuma, vyekundu na vyeusi, vyenye wanyama wasiokuwepo duniani. Niliposhuka tena Sucre ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu haukuwa kifuani. Sikumbuki niliuondoa wapi.

Olmedo


Pasto, 8 Juni 1997

Olmedo,

Barua hii ya pili imesomwa mara tatu. Ya kwanza kwa mama, ya pili Clemencia alidai hakusikia vizuri, muongo mkubwa, na ya tatu mwenye duka la mikate aliomba aje na mkewe. Huyo mama wa kofia nampenda. Mwambie hewa ya Pasto haiuzwi rejareja.

Clemencia anasema Tarabuco ni kijiji tu. Nimemjibu, na Cartagena ni maji tu.

Litembeze zaidi.

Eudocia


Sucre, 13 Julai 1997

Shangazi,

Shikamoo. Limeona Potosí. Kule ni juu sana na baridi yake inauma meno. Mwenye nyumba ya wageni ya rahisi kuliko zote aliliinua sanduku, akaona halina uzito, akadhani nimeibiwa kila kitu. Sikupata nafasi ya kueleza. Alinipa blanketi la ziada, na asubuhi akanipikia uji wa mahindi ya zambarau, akisimama pembeni kuhakikisha naumaliza. Nililala nikiona aibu, lakini nililala na joto. Nilipoondoka nilimweleza ukweli. Akanipiga kofi la begani, akasema, "Blanketi siwezi kulirudisha, umeshalilalia. Mwambie shangazi yako kuna lingine."

Agosti kuna sikukuu ya taifa na chuo kinafungwa. Bawabu anasema nisiondoke Bolivia kabla ya kuona Copacabana, ziwani, na kwamba siku hizo watu hupanda kilima kuombea wanachokitaka. Ni mbali. Nimeshaulizia basi. Nilidhani nitaogopa kuulizia, nikaulizia.

Olmedo


Sucre, 9 Agosti 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ndefu, na naomba umsomee Bibi yote, usiruke.

Limeona ziwa. Ni kubwa hivi kwamba ng'ambo haionekani, na nilipoliona nilikufikiria wewe na Clemencia. Lakini nataka kukueleza la kilimani.

Tarehe tano asubuhi nilipanda na watu wote, sanduku mkononi. Njia nzima kuna akina mama wanaouza vitu vidogo: nyumba ndogo, magari madogo, maduka yenye chupa kama punje za mchele, vyeti vya chuo vya kutosha kiganja. Kila mtu anachukua anachokitaka katika maisha yake. Kisha mzee wa pale anakifukizia moshi na kukinyunyizia bia, na inaaminika kikubwa chake kitafuata. Niliona masanduku ya safari, madogo kama kiberiti, yana vitasa vinavyofunga kweli, na ndani mna pasipoti na tiketi. Nikamwambia mama muuzaji anipe moja.

"La nani?"

"Langu."

Akalirudisha mezani. "Hili hujinunulii. Lazima upewe na mtu, mkononi. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako!" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Kilima kizima hiki, sikukuu yote hii, na kijana wa watu hana wa kumpa!"

Walinihurumia kwa sauti kubwa sana. Nilitamani kuingia ndani ya sanduku nijifungie. Nikakaa pembeni nikitazama. Mume anampa mkewe nyumba. Mtoto anampa babake basi. Wanapeana, wanakumbatiana, wananyunyiziwa. Na mimi nimekaa na sanduku lako miguuni, na ghafla nikaona vizuri tunachokifanya, wewe na mimi. Mimi nalitembeza sanduku, na mwenye sanduku tumemwacha nyumbani. Miaka yote umelizungusha mwenyewe, na hakuna mtu hata mmoja aliyekupa.

Nikarudi kwa yule mama. "Nipe lile. Ni la shangazi yangu."

"Ah! Sasa unaongea." Na hakunidai kama alivyowadai wengine.

Kwa hiyo hilo nililokutumia ni lako, Shangazi. Si mchezo wala pambo. Mtu akupe mkononi, kwa kuwa mimi siko. Kisha uje. Kozi inaisha mwisho wa Novemba. Njoo uione nchi kwa macho yako, turudi pamoja. Njoo.

Kifurushi nimekituma kutoka Copacabana kwenyewe, na barua hii naituma kutoka Sucre. Wakili Villota alinifunza kwamba vitu viwili vya muhimu visisafiri katika bahasha moja, ili kimoja kikipotea kingine kifike. Nadhani nimefanya sawa.

Mpwa wako,
Olmedo


Pasto, 25 Agosti 1997

Bwana Olmedo Erazo,

Nimepokea sanduku.

Nilikupa linaloingia mbuzi, umenirudishia lisiloingia jino la mama. Nimekung'uta kifurushi, nimekipindua ndani nje. Hakuna barua. Hakuna hata mstari wa salamu.

Clemencia alikuwepo nikifungua. Alilishika kwa vidole viwili akasema, "Eudocia, sanduku lako limeloa njiani, limenywea." Duka zima la mikate linajua.

Nimekaa siku nzima nikitafuta maana yake. Kama umeliuza lile kubwa kwa shida ya nauli, ungesema tu, ningekuelewa. Mimi pia nimewahi kuuza. Lakini hukuuza, wewe si mtu wa hivyo. Basi imebaki maana moja. Umeshaona nchi, umekuwa mtu mkubwa, na umenipimia safari zangu. Kona ile, halafu kona ile. Kweli, kwa safari hizo sanduku hili linatosha.

Nimeliweka kabatini na vitu vya Krismasi.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, safari hii sikusoma kwa sauti.

E. Erazo


Sucre, 12 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Kuna barua! Kuna barua ndefu njiani, naapa kwa Bibi. Niliitenganisha na kifurushi kwa uangalifu, na uangalifu huo ndio uliokuumiza. Sanduku lako kubwa liko hapa, naliona ninapoandika, halijauzwa, halijanywea. Lile dogo si kipimo cha safari zako. Ni kinyume chake kabisa. Tafadhali litoe kwenye vitu vya Krismasi na usilipe mtu yeyote mpaka barua ifike.

Sijala tangu jana.

Olmedo


Pasto, 26 Septemba 1997

Olmedo mwanangu, mjinga wangu,

Kula.

Barua yako ya Agosti imefika jana. Bahasha ilikuwa imechoka, sijui ilipitia wapi, hakika imetembea kuliko mimi. Nikaketi na mama, nikasoma kwa sauti kama ulivyoagiza. Nilipofika pa yule mtoto kumpa babake basi, nikaanza kusoma polepole. Nilipofika "njoo," nikanyamaza.

Mama akasema, "Soma."

"Imeisha, mama."

"Haijaisha. Midomo yako bado ina maneno."

Nikasoma. Akachezea shali yake. Kisha akauliza, "Na kwa nini huendi?"

"Nani atakupa kahawa?"

"Eudocia," akasema, "kahawa yako haina utamu. Tangu yule daktari afungue mdomo wake, umeificha sukari guru juu ya kabati, unadhani sijui. Kila mwaka mpya ukitoka na sanduku, najisemea haya, mwaka huu anaondoka, nitakunywa kahawa ya binadamu. Halafu nasikia mlango. Umerudi na kona zako."

"Mimi nilibaki kwa ajili yako, mama!"

"Na mimi nikakuvumilia. Nilidhani unaogopa."

Hebu fikiria, Olmedo. Nyumba moja, meza moja, miaka yote hiyo, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Kutoka dirishani Clemencia akaita, "Mimi nitampa kahawa!" Na mama, ambaye hasikii, akauliza papo hapo, "Na sukari?"

Kisha akasema, "Lete kile kidude." Nikakitoa katikati ya sanamu za kondoo wa Krismasi. Akakishika karibu na macho, akafungua vitasa kwa ukucha, akatazama pasipoti, akafunga. Akaniwekea kiganjani na kukunja vidole vyangu juu yake kwa mikono yake yote miwili.

"Haya," akasema. "Umepewa."

Nilikwenda uani kuwapa majani simbilisi ninaowafuga, nikawa nawaeleza wao.

Nimeshapiga picha ya pasipoti. Nimetoka kama mtu aliyekamatwa.

Shangazi yako,
Eudocia


Sucre, 10 Oktoba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka bawabu ameniuliza kama nimeoa.

Sasa tafadhali. Shona pasipoti ndani ya vazi, si kwenye sketi, kwa sababu sketi hukaliwa. Basi likisimama usiwe wa mwisho kurudi. Kwenye mpaka wa Ecuador na Peru usimpe mtu mzigo akubebee hata akikuita mama. Lima kaa kwa watawa niliokuandikia anwani yao; ni rahisi na wanafunga mlango mapema. Ukifika juu karibu na ziwa kichwa kitauma, nenda polepole, usibishane na mtu. Usile samaki wa njiani. Kwa kweli usile chochote cha njiani.

Nimeisoma tena barua hii, nimeona imeandikwa na yule wa mwezi Machi. Nilitaka kuichana. Nimeiacha, kwa sababu ya pasipoti. Lakini ongeza hili kutoka kwa wa sasa: ukipata lori, kaa juu.

Tukutane Copacabana. Mtihani wangu wa mwisho ni tarehe ishirini Novemba.

Olmedo


Quito, 8 Novemba 1997

Olmedo,

Nimevuka daraja la mpakani kwa miguu. Katikati nilisimama. Askari akauliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia, "Hapana, nimesimama tu." Nyuma yangu foleni ililalamika. Wacha walalamike.

Sina sanduku, unalo wewe, kwa hiyo Clemencia amenipa kikapu chake, kile kile kilichoona bahari. Alinifungia mwenyewe kwa kitambaa. Hakutania hata kidogo. Alilia, akasema ni vumbi.

Nauli nimeipata kwa kuuza simbilisi wote isipokuwa madume mawili.

E.


Lima, 14 Novemba 1997

Olmedo,

Nimekula samaki wa njiani. Alikuwa mtamu sana.

Watawa wanafunga mlango mapema mno. Jana nilipitiliza nikitazama bahari, na mmoja akaniambia, "Mama mtu mzima kama wewe!" Nikamwambia, "Dada, nimeanza utu uzima juzi."

Bahari ni maji tu, kama nilivyosema. Lakini nilikaa mpaka miguu ikalowa.

E.


Copacabana, 19 Novemba 1997

Mwanangu,

Nimefika. Kichwa kiliuma, nikabishana na mtu, kikapona.

Nimepanda kilima chako, polepole, nikipumzika kwa kila muuzaji. Mmoja alinitazama nikihema, akatazama kikapu, nikamwonyesha kile kidogo nilichofunga shingoni kwa uzi. Akapiga makofi. "Wewe ndiye shangazi wa yule kijana wa sanduku tupu! Na yeye yuko wapi? Bado yuko peke yake?"

Nikamwambia, hapana.

Nimekununulia kitu kwake. Ni kidogo na sikuambii ni nini; utapewa mkononi, ndivyo inavyotakiwa. Yule mzee alikifukiza vizuri, na bia nyingine ilinimwagikia mimi.

Nipo katika nyumba ya wageni nyuma ya kanisa, ile yenye mlango wa kijani. Ukimaliza mtihani njoo. Lete sanduku, na usiweke hata soksi moja ndani. Hapa mbele ya kanisa kuna uwanja mzuri wenye kona nne. Miaka yote nimelizungusha gizani, peke yangu. Nataka safari hii tulizungushe mchana.

Eudocia


Kadi yenye picha ya ziwa. Copacabana, 30 Novemba 1997

Mama,

Clemencia, msomee kwa sauti ya kawaida, anasikia.

Olmedo alikuja juu ya lori, kafunikwa na vumbi, sanduku limefungwa kwa kamba mbele kama mfalme. Nimempa zawadi yake mkononi, kisha tumeuzunguka uwanja. Yeye alishika upande mmoja, mimi mwingine. Watu walisimama kututazama, na watoto wakafuata nyuma wakiuliza kuna nini ndani.

Bibi, shikamoo. Shangazi alitaka tuzunguke mara moja. Tumezunguka mara tatu. Mara ya tatu mimi ndiye niliyeomba. Olmedo.

Wiki ijayo tunaanza kurudi, polepole, tukitazama. Tumekununulia kitu pale kilimani, mama. Tutakupa mkononi.

Bakisha sukari guru kidogo.

Eudocia